Msiba Nilioutangaza Nilipohamisha Tovuti ya Mama

Nianze na upumbavu wenyewe, asije mtu mwingine akawasimulia kwa kuongeza chumvi: nikiwa kazini nilitangaza msiba nyumbani kwetu, watu wa nchi za mbali wakausoma na kusikitika, na hakuna aliyekuwa amekufa. Mama alikuwa uani analisha samaki huku anaimba pambio.

Ninawaandikia nyinyi, Hamisi na Limbu wa kidato cha pili, mnaorithi kiti changu kwenye kafe ya intaneti ya Kaka Idrisa. Mimi nimestaafu. Nina miaka kumi na saba, mtihani wa kidato cha nne uko mlangoni, na mama amesema akinikuta tena mbele ya kompyuta kabla ya mtihani atanifunga kamba kama mbuzi wa Idi. Wastaafu wengine hueleza walivyopandishwa vyeo. Mimi nilipanda mara moja tu: nilitoka kiti cha tatu nikahamia cha pili, kwa sababu cha tatu kilivunjika. Mshahara siuelezi, maana haukuwepo.

Kafe mnaijua, iko nyuma ya duka la kutengeneza redio. Kaka Idrisa alikuwa fundi redio kabla kompyuta za mitumba hazijaanza kuingia mjini pamoja na kila kitu kingine cha mitumba. Siku yangu ya kwanza sikuruhusiwa kugusa chochote chenye umeme. Alichomoa kibodi, akanikabidhi.

“Igeuze, igonge.”

Nikageuza, nikagonga. Wakadondoka wale wadudu wadogo wa ziwani wanaokuja kama moshi kufuata taa, wakavu, wa kujaza kiganja.

“Hao ndio wateja wetu wa jioni,” alisema. “Hawalipi, na wanafia ndani ya mashine. Kila asubuhi, ukishanipa shikamoo, unagonga kibodi. Ukisahau shikamoo nitakusamehe. Ukisahau kibodi, hapana.”

Siku ya pili akanifundisha kuandika ukurasa kwa penseli. Msicheke. Laini yetu ya intaneti ilikuwa ya simu, ikipitia Dar na kukatika kila ng'ombe wa Usukuma akipiga chafya, kwa hiyo alama zote za mabano tuliziandika kwanza nyumbani kwenye karatasi, tukazinakili kafe, tukazihifadhi kwenye flopi, zile diski bapa, na flopi tukaziweka kwenye kisanduku cha sabuni ili zisipigwe na vumbi. Bano moja ukilisahau, picha inakimbilia upande mwingine na maneno yanarundikana kama watu kwenye foleni ya maji. Nilikuwa nasahau mawili. Idrisa alikuwa na neno moja kwa ajili yangu: “Shija, ukiwa na haraka kaendeshe baiskeli.”

Kazi niliyokabidhiwa ilikuwa ya mama yangu. Mtaani kwetu Pasiansi anaitwa Mama Kulwa, kwa ajili ya mapacha walionitangulia. Mimi ndiye niliyefuata baada ya mapacha, na mama hudai nilichelewa hata kuzaliwa, mkunga akarudi kwake kula chakula cha mchana.

Zamani mama alikaanga mapanki, yale mabaki ya sangara, kichwa na mifupa, yanayotolewa viwandani minofu ikishapanda ndege. Harufu ya mapanki inakaa kwenye nywele, kwenye shuka, mpaka kwenye madaftari. Shuleni waliniita Panki. Nikampiga mmoja, wakaniita Bondia Panki. Halafu akaja mzungu mmoja mwenye kaptura, mtafiti wa samaki, akamwonyesha mama kwamba furu, wale samaki wadogo wenye rangi wanaojificha kwenye mawe, ambao sisi tunawakausha na kuwala bila kuwatazama usoni, huko kwao watu wanawafuga sebuleni kwenye vioo kama mapambo. Akamfundisha kuwafunga wazima kwenye mifuko ya plastiki, maji kidogo na hewa nyingi. Mama akapata kibali, akanunua matangi ya vioo na pampu za hewa, akaachana na mapanki. Kikaango alikitundika ukutani kikiwa kimegeuka, akaapa mbele yetu wote kwamba hatakishusha tena.

Mtafiti akaenda zake, ikabidi wateja watafutwe, ndipo nikatengeneza ukurasa. Mwanzoni niliweka KARIBUNI NYOTE kwa herufi kubwa. Idrisa akaifuta.

“Andika kitu ambacho mtu anakitafuta. Nani anatafuta karibuni?”

Basi nikaandika aina za furu, rangi zao, miamba wanakovuliwa, na jinsi mama anavyowafunga. Vyama vya wafuga samaki huko Ulaya vikaupenda, vikaweka kwenye kurasa zao kiungo cha kuleta watu kwetu, na mashine za kutafutia kurasa za intaneti huangalia pia ni nani anakunyooshea kidole kwa viungo. Baada ya miezi kadhaa, mtu popote duniani akitafuta furu wazima wa ziwa letu, wa kwanza kwenye orodha alikuwa mama. Juu ya vyuo vikuu. Juu ya makumbusho. Mama yangu aliyeishia darasa la saba, juu ya maprofesa! Nilimpelekea ile orodha ikiwa imechapwa, pamoja na picha yake. Akaitazama sana. “Mbona kilemba changu wamekikata?”

Sasa fungueni masikio.

Kurasa zetu zilihifadhiwa bure kwenye seva, ile kompyuta kubwa ya kutunzia kurasa, ya kampuni moja ya huko nje, na nafasi waliyotupa ilikuwa ndogo kama sanduku la bwenini. Kampuni nyingine ikajitangaza: bure vilevile, nafasi maradufu. Mimi nilikuwa nimechora samaki wa kuchezacheza, anayekata mkia kulia na kushoto, na hakuwa na pa kuogelea. Nikaamua tuhame. Mama sikumwambia. Idrisa nilimwambia kwa sababu alikuwa amesimama nyuma yangu.

“Wateja wanajua mnakohamia?”

“Watatafuta tu, Kaka. Si kuna mashine ya kutafutia?”

Akanitazama kama redio iliyoungua, akavaa kofia akaenda msikitini. Ilikuwa Ijumaa.

Alichokuwa anakijua ni hiki. Anwani ya bure si yako. Ni kama barua zako zinazokuja kwa sanduku la posta la shule: mbele jina la shule, jina lako linafuata nyuma. Ukihama shule, sanduku halikufuati. Mtu aliyenunua jina lake mwenyewe la tovuti anaweza kubadilisha seva leo na kesho hakuna atakayejua kwamba amehama, kwa sababu anwani inabaki ileile. Sisi tulipohama, tulihama na jina.

Kuhamisha faili kwa laini ile kulihitaji siku mbili tatu, nikaona nifunge kwanza ukurasa wa zamani kiungwana. Mnajua jinsi duka linavyofungwa kwetu siku ya kazi. Ukiandika kwamba unakarabati, watu watagonga. Ukiandika unarudi punde, watagonga zaidi. Lakini kikaratasi kikisema TUMEFUNGA KWA AJILI YA MSIBA, hata mwenye shari anavua kofia na kuondoka polepole. Jirani yetu muuza sukari amefiwa na mashangazi wengi kuliko uwezo wa ukoo wowote. Nami nikafuta kila kitu, majina ya furu, miamba, picha ya mama, nikaweka kwa Kiingereza changu cha kidato cha tatu kwamba tumefunga, kuna kifo katika familia.

Kisha nikahamia kwenye nafasi mpya. Samaki wangu akaogelea. Nilimtazama akikata mkia mpaka nikasahau kwamba kikaratasi kimebaki mlangoni. Na hata ningekumbuka ningesema: nyumba tuliyohama, nani atapita?

Wote walipita. Wateja walipita, vyama vilipita, na mashine ya kutafutia nayo ikapita. Msidhani ile mashine huitazama dunia pale unapoiuliza. Ni kama mwalimu wa zamu. Anapita mara moja kwa wakati wake, anaandika alichokiona, anaondoka. Akikukuta nje ya darasa unafunga kamba ya kiatu, wewe ni mtoro mpaka atakapopita tena, hata kama umekaa dawati la mbele umenyoosha mkono. Mwalimu wa zamu alipita kwetu siku ile ya msiba.

Wiki ya kwanza barua pepe zikapungua. Ya pili hazikuja kabisa. Na ulikuwa ndio msimu, mama ameshajaza matangi akitegemea oda. Furu wakibanana wanageuka wahuni: madume yanatafunana mapezi, wadogo wanajikunja kwenye kona. Kila siku mama alinisubiri mlangoni nikitoka kafe.

“Kuna barua?”

“Laini mbovu, mama.”

Laini ilikuwa nzima kuliko mimi.

Nikaanza kutafuta mwenyewe. Mama alikuwa bado wa kwanza kwenye orodha, kwa anwani ya zamani, na chini ya jina lake: tumefunga, kuna kifo katika familia. Anwani mpya haikuwepo. Nikafungua ukurasa wa pili wa orodha, wa tatu, nikaenda mpaka huko ambako mashine yenyewe inaonekana kushangaa kwamba bado upo. Hakuna. Siku chache baadaye hata ule msiba ukaanza kushuka, maana ukurasa usio na jina la samaki hata mmoja mashine inauona mtupu. Tukawa wa nne, wa tisa, tukatoka mbele ya macho ya watu.

Nikaufungua ukurasa wa zamani, nikafuta msiba, nikaweka TUMEHAMIA HAPA na kiungo cha kwenda kwetu kupya. Lakini mwalimu wa zamu harudi eti kwa sababu umeingia darasani.

Ndipo ikaja barua pepe ya Mzee Horst, mteja wetu wa zamani kuliko wote, katibu wa chama kimoja cha wafuga furu. Ilikuwa ndefu. Alisema wamesubiri habari na hawakupata, kwa hiyo wameelewa kwamba aliyefariki ni mama mwenyewe. Wanachama walisimama kimya kwa ajili yake. Kiungo chetu wamekiondoa kwa heshima, na msimu huu watanunua kwa mtu mwingine ili wasiisumbue familia. Familia hiyo iliyoisoma barua ilikuwa mimi, nimekaa kiti cha pili.

Nikamwonyesha Idrisa. Nilitegemea acheke. Hakucheka.

“Mama anajua?”

“Bado.”

“Basi mimi unanionyesha ya nini?”

Hata hivyo nilikaa siku mbili nyingine bila kusema. Mimi mtu wa mizaha, nimewahi kumfanya mwalimu mkuu aombe radhi kwa mbuzi, lakini jambo lile sikuweza kuligeuza mzaha.

Jumatano umeme ukakatika saa tano asubuhi, jua likiwa kali. Shule tulikuwa likizo. Pampu za hewa zikanyamaza, na sijasikia sauti mbaya kazini kama ule ukimya. Ikifika hapo unachota maji kwa jagi na kuyamwaga kutoka juu yarudi tangini na mapovu, unachota na kumwaga, mkono ukichoka unabadilisha. Furu walikuwa wamepanda juu wote, midomo nje, wanatafuna hewa. Mama kwenye tangi lake, mimi kwenye langu.

“Shija.”

“Naam, mama.”

“Hawa watu niliwakosea nini? Ule mzigo wa mwisho ulifika na mizoga?”

“Hapana, mama.”

“Jumamosi nawarudisha ziwani. Siwezi kuwaua kwa ukaidi wangu.” Akatazama ukutani. Sikuhitaji kugeuka. Najua kinachoning'inia pale.

“Mama, wanadhani umekufa.”

Hakuacha kumwaga. “Nani?”

“Wateja.”

“Mimi?”

“Ndiyo.”

“Nilikufa lini?”

“Kama wiki tatu hivi.”

“Na wewe ulikuwepo?”

“Mimi ndiye niliyetangaza.”

Jagi lake likasimama hewani, kisha likashuka. “Mwaga maji,” alisema. “Usisimame. Mwaga, huku unaeleza.”

Nikamwaga, nikaeleza yote, samaki wa kuchezacheza, kikaratasi, Mzee Horst. Umeme uliporudi kuna waliokuwa wameshalala ubavu. Mama akawaokota mmoja mmoja kwenye beseni. Ningependa sana anichape. Badala yake akanawa mikono, akavaa kitenge cha kanisani.

“Twende kwa hao walionizika.”

Hakuwahi kukanyaga kafe. Idrisa alipomwona akaruka kitini.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Mimi ni marehemu. Nipe kiti.”

Nikamsomea barua ya Mzee Horst kwa Kiswahili. Nilipofika pale pa watu kusimama kimya, mama akashusha macho, akatengeneza kitenge magotini. Nami nikajitia ufundi: “Mama, nitawaandikia kwamba kulikuwa na hitilafu ya mitambo. Nitafuta kila kitu, iwe kama haikutokea.”

“Msiba haufutwi.” Hakupaza sauti. “Watu wamehuzunika. Mzee wa watu amesimama kwa ajili yangu, wewe unataka kumwambia mtambo? Msiba ukishaanzishwa, unaanuliwa.”

Idrisa akaitikia kwa kichwa. Kuanua matanga mmeshaona: ndugu wanakaa, inaelezwa marehemu alikuwa nani na alikufa kwa nini, waliokuja wanashukuriwa, halafu watu wanaruhusiwa kurudi kwenye shughuli zao. Jambo hilo lisipofanyika, hata jirani anayetaka kununua kwako chumvi anaona aibu kubisha hodi.

“Sasa tutasema marehemu ni nani?” nikauliza.

“Andika. Aliyekufa ni akili ya mwanangu Shija. Iliugua muda mrefu, tulikuwa tunaona. Tumeizika, na leo tumeanua matanga. Tunawashukuru kwa kusimama nasi. Mimi mwenyewe mzima, na samaki ninao.”

Idrisa akageukia ukuta, mabega yanacheza.

“Mama, hiyo kwa Kiingereza ni ngumu...”

“Kuniua kwa Kiingereza hukushindwa.”

Nikaandika. Idrisa akauliza watajuaje kwamba si mtoto yuleyule anaendelea na mizaha. Mama akafikiri. “Mwambie huyo mzee, yule jike mwenye shavu la njano aliyeniulizia, yule anayebeba watoto mdomoni, amewatema juzi. Wazima wote.” Jike huyo walimjua wao wawili tu, tangu enzi za yule mtafiti. Nikalitia mwishoni, tukatuma kwa Mzee Horst na kwa kila mwenye ukurasa uliokuwa na kiungo chetu, kila mmoja barua yake, na anwani mpya juu.

Alhamisi laini ikakatika. Ijumaa ikakatika. Mama hakuuliza kitu, na alivyokuwa hanisubiri tena mlangoni ndivyo nilivyozidi kuumia. Jumamosi asubuhi akaanza kuchota furu kwa ndoo. Nikachukua baiskeli. Kafe ilikuwa imefungwa. Nikamgongea Idrisa nyumbani, akaja na kanzu ya kulalia, tukapiga simu Dar mara sijui ngapi mpaka mashine ya kuunganishia laini ikalia ule mlio wake wa kusaga kokoto. Barua ilikuwepo, ya tangu Alhamisi. Mzee Horst alisema ameisomea jamaa zake kwa sauti na mkewe amecheka mpaka akatoka nje. Kiungo amekirudisha, kwa anwani mpya, na amewaambia wenzake wa vyama vingine wafanye hivyo. Na furu walio hai, wote, anawataka.

Sijawahi kuendesha baiskeli vile. Nikamkuta mama ziwani, miguu majini, ndoo moja tupu na nyingine imeinama.

“Mama! Simama! Wamejibu!”

Ndoo ikainuka. Nilichelewa ndoo moja. Walikuwa ndani yake wale wa bluu, wazuri kuliko wote, na nadhani mpaka leo wako kwenye mawe wanasimuliana. Waliobaki tuliwafunga mifukoni mchana kutwa, tukawapeleka uwanja wa ndege kwa mkokoteni, na kikaango kikabaki ukutani.

Orodha haikurudi upesi hivyo. Vyama vilipobadilisha viungo, mwalimu wa zamu akaanza kupita kwetu kupya, tukaonekana wa arobaini na kitu, tukapanda kidogokidogo. Samaki wa kuchezacheza nilimwondoa mwenyewe, alikuwa anachelewesha ukurasa kufunguka. Majina ya furu niliyarudisha kama yalivyokuwa zamani, neno kwa neno. Leo mama ni wa tatu. Wa kwanza ni profesa, na ninyi msilale mpaka ashuke. Mkilazimika kuhama, kule mlikotoka muache kila kitu wazi na maelezo ya njia mpaka kule mnakokwenda mjulikane, waandikieni mapema wote wanaowanyooshea kidole, na wenye biashara waambieni kabla, si baada. Ila nimeshamshauri mama anunue jina lake mwenyewe.

Wiki iliyopita, siku yangu ya mwisho, mama alikuja kafe kunichukua kwa nguvu. Nikataka kumwonyesha kila kitu kiko sawa kabla sijakabidhi. Kwenye mashine ya kwanza ya kutafutia, wa tatu, safi. Kwenye nyingine, ile mvivu ambayo mwalimu wake wa zamu nadhani amestaafu kabla yangu, likatokea jina lake, anwani ya zamani, na chini yake: tumefunga, kuna kifo katika familia. Nikaruka. Nikamwambia nitawaandikia wenye mashine leo hii waliondoe tangazo hilo. Mama akasogea, akaweka kidole kwenye kioo, akafuata maneno polepole mpaka mwisho.

“Liache,” alisema. “Siku nikifa kweli, hilo angalau utakuwa hujalichelewesha.”